Blanketi la Bukoba

Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia, Mama Euphrasia akafuata. Gregori alikuwa bado anapambana na masanduku kwenye ngazi, amemtanguliza mama mkwe wake kwa heshima zote, na Domina, tumbo mbele, alikuwa amesimama mlangoni kumpokea mama yake ambaye hakuwa amemwona tangu alipoaga Bukoba kuja Marekani. Alipiga goti kwa shida, akaamkia, akakumbatiwa, akalia. Katikati ya kilio pua ikanasa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende ambavyo kila sanduku la nguo la kwao huwa navyo. Moyo ukamchafuka. Akajiambia ni mimba tu hiyo, mimba haina adabu.

"Wamenichukulia senene wangu," Mama Euphrasia alisema hata kabla ya kuketi. "Pale uwanja wa ndege. Kijana kavaa glovu, kapekua mpaka nguo zangu za ndani. Senene niliowakaanga kwa mkono wangu, kawamwaga kwenye pipa. Nikamwambia, baba, hao ni wa mzazi. Hata hakuniangalia."

"Ndiyo sheria yao, Mama," alisema Gregori huku akihema. "Wanaogopa magonjwa ya wadudu."

"Magonjwa ya senene!" Alifyonza, akavuta sanduku karibu na miguu yake. Kisha uso ukalainika. "Lakini hili waliniachia."

Akalitoa blanketi. Lilikuwa zito, la sufu, rangi ya kahawia na mistari miwili myekundu pembeni. Nyumbani kwao hakuna mtoto aliyefunikwa kitu kingine kabla yake. Lilimpokea Mama Euphrasia mwenyewe, likampokea Domina, na baina ya uzazi na uzazi lilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, vidonge vikiongezwa kila vilipoyeyuka. Laiti yule kijana wa glovu angetumia pua badala ya macho. Lakini alikuwa amefundishwa kutafuta wadudu, na katika blanketi lile hakuna mdudu ambaye angeweza kuishi.

"Asante, Mama," alisema Domina. Akalishika kwa ncha za vidole. "Tulifue kwanza? Hapa chini kuna mashine."

"Mashine!" Mama Euphrasia alilirudisha kifuani kwake. "Iondoe mikono ya bibi yako na ya mama wa bibi yako? Mtoto atalala humu siku zake za mwanzo kama tulivyolala sisi. Asipolala humu ataonekana hana kwao."

Gregori alikohoa, akaangalia zulia. Domina akaenda kumchemshia chai. Mtu aliyemsumbua mama yake avuke bahari kuja kumlea, hawezi kumwambia kwamba zawadi yake inanuka.

* * *

Boniface alizaliwa Februari ile ya mwaka 2003, siku chache kabla ya theluji kubwa ambayo watu wa Beltsville, mji waliokuwa wakiishi, wakiisimulia huweka kiganja kiunoni kukuonyesha kimo chake. Alizaliwa vizuri, mwekundu-mwekundu kama wanavyozaliwa watoto wetu, na sauti ya kutosha. Babu yake alikuwa Boniface, kwa hiyo jina halikuwa na mjadala. Hospitali hawakumweka mzazi sana. Muuguzi alimpa Domina maelekezo haraka haraka huku akitazama mlango: akinyonya vibaya, akilala mno, akigeuka njano, mrudisheni, na hata akiwa mzima, wiki ikianza aletwe kliniki aangaliwe. Domina aliitikia kila neno. Yeye mwenyewe alikuwa mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee, na maelekezo ya namna hiyo aliyasoma kila siku kwa niaba ya watu wengine.

Nyumbani mtoto akafungwa blanketi. Alifungwa vizuri, miguu imenyooshwa, mikono imebanwa, uso tu ukitokeza. Mama Euphrasia alikuwa na mikono ya kazi hiyo. Alimpika binti yake uji wa ulezi, akamkanda kwa maji ya moto, akamkatalia kushika hata kijiko. Domina aliona raha ambayo hakuwahi kuiona tangu afike nchi ile. Alikuwa ameogopa sana kilio cha usiku, maana jirani wa chini alikuwa hodari wa kugonga dari kwa mpini wa fagio. Lakini Boniface hakulia. Alilala. Ukimwamsha anyonye, alivuta mara mbili tatu, akalala tena.

"Mtoto mtulivu," alisema Gregori, amejaa fahari. "Huyu amechukua kwangu."

"Kwako!" alisema Domina. "Wewe unayekoroma kama mashine ya kukoboa?"

Walicheka wote, hata Mama Euphrasia. Walimsifu mtoto kwa usingizi wake, na asubuhi ya pili wakamsifu zaidi.

* * *

Jumamosi Gregori alikwenda kazini kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi kule Shaw, katikati ya jiji. Theluji ilianza kabla zamu yake haijaisha na haikukatika. Alipopiga simu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona aibu.

"Nimekwama, mke wangu. Mabasi hakuna. Treni inatembea chini ya ardhi tu, ikifika panapotokezea juu inakomea hapo. Msimamizi ameniambia nilale hapa hapa, nimwage chumvi mlangoni. Mtoto?"

"Amelala."

"Mungu ampe usingizi huo huo," alisema Gregori.

Siku ya kliniki ikafika, nje kukiwa kweupe kote, magari yamegeuka vichuguu. Domina alipiga simu. Mashine ilimjibu kwa sauti tamu kwamba kliniki imefungwa kwa sababu ya hali ya hewa, na kama ana dharura apige namba ya dharura. Domina alikaa na simu mkononi. Dharura ni ipi? Mtoto kulala ni dharura? Alijiona akiwaeleza watu wa ambulensi, wenye mabuti na redio, kwamba amewaita katikati ya theluji kwa sababu mwanawe hasumbui. Akarudisha simu mahali pake.

Siku ya pili yake jua lilitoka, kali, likamulika theluji hadi macho yakauma. Mama Euphrasia alifungua pazia, akamchukua mtoto mpaka dirishani amtazame vizuri. Akambonyeza pua kwa kidole gumba, kisha akaachia. Akambonyeza paji la uso. Kisha kifua. Domina alikuwa kwenye kochi anakunywa uji, na alimwona mama yake akiganda.

"Mama? Kuna nini?"

"Hakuna."

"Amekuwa wa njano?"

"Anywe jua kidogo. Watoto hunyweshwa jua." Alisogeza meza ndogo dirishani, akamlaza Boniface juu yake, na kwa kuwa kioo kilikuwa kinapitisha baridi, akalikaza blanketi mpaka kidevuni. Domina alimsikia akijisemea kwa Kihaya, polepole, mgongo umegeuzwa: "Hawezi kufika huku. Hana pasi, hana nauli, hawezi kufika huku."

Domina hakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Aliuweka uji chini. Alikuwa msichana mdogo wadogo zake wawili walipozaliwa na kufa, mmoja baada ya mwingine, wote wa kiume, wote kabla hata hawajabatizwa. Aliyekuwa akiwaogesha ni Shangazi Veneranda, dada wa baba, aliyerudi nyumbani kwa sababu kwa mume hakupata mtoto. Baada ya msiba wa pili watu walisema Veneranda ana jicho baya. Alitolewa nyumbani akajengewa kibanda mwisho wa shamba la migomba, na Domina, aliyekuwa akilala mgongoni kwake, alikatazwa kupokea hata karanga kutoka mkononi mwake.

"Mama," alisema Domina, "nao walikuwa hivi?"

"Kunywa uji wako."

"Nauliza, walikuwa hivi?"

Mama Euphrasia alikuwa ameinamia meza, amemfunika mtoto kwa mwili wake wote kama mtu anayezuia upepo.

Kufika mchana Boniface alikataa ziwa. Domina alimfikicha nyayo, akampulizia usoni, akamkamulia maziwa mdomoni. Yalitoka pembeni yakaingia kwenye sufu. Kisha akalia. Afadhali asingelia. Kilikuwa kilio chembamba, cha juu, kama cha paka aliyefungiwa nje, na alipokuwa analia shingo yake ilirudi nyuma na mgongo ukakunjika kinyume.

Chelagat ndiye aliyewakuta hivyo. Alikuwa Mkenya wa ghorofa ya juu, mtunza wazee mwenzake Domina, na alishuka na bakuli la supu kumwona mzazi. Aliweka bakuli sakafuni pale pale mlangoni.

"Domina, ameanza lini hii?"

"Amekuwa analala tu. Tulidhani amelala."

"Hii si kulala. Ona macho." Alimfunua kope kwa kidole, mahali peupe pa jicho palikuwa rangi ya kiini cha yai. "Woi, mtoto ana-fade huyu! Leta simu ni-call 911."

"Ngoja. Bima yake haijaandikwa bado. Gregori alikuwa anataka wiki hii..."

"Wacha maneno ya bima. Watakutumia bill mpaka uzeeke, na utazeeka. Leta simu!"

"Hospitali ndiko alikotoka," Mama Euphrasia alisema kwa sauti ya chini. "Hiki si cha hospitali, wanangu. Mwacheni hapa, ninamwombea."

Kwa mara ya kwanza maishani Domina alimpita mama yake bila kumjibu. Alimnyakua mtoto mezani, blanketi na vyote, akamwambia Chelagat apige. Ambulensi ilikuja ikifuata nyuma ya gari la kusukuma theluji, polepole, taa zinazunguka bila king'ora, ikawachukua mtoto, mama na bibi, na njia nzima Domina alikuwa anaomba kilio kile kiendelee, kwa sababu kilipokatika ilikuwa vibaya zaidi.

* * *

"Mmempa dawa za kienyeji?"

Aliuliza aliyempokea mlangoni. Akauliza aliyemtoa mtoto damu. Akaja pia mwanamke mwenye kitambulisho shingoni, hakuwa daktari wala muuguzi, ni wa ustawi wa jamii, akavuta kiti, akauliza kwa upole mwingi huku macho yake yakipanda na kushuka kwenye khanga ya Mama Euphrasia: majani, mizizi, chai yoyote kutoka nyumbani? Domina alijibu hapana, hapana, hapana. Kila hapana ilizidi kusikika kama uongo, hata masikioni mwake mwenyewe.

Nyuma ya kioo Boniface alikuwa uchi chini ya taa za buluu, amezibwa macho, mirija imeingia kitovuni. Walikuwa wanamtoa damu yake na kumwekea ya watu wengine, kidogo kidogo. Daktari, Mnigeria mfupi mwenye miwani, alikuwa ameeleza bila kupamba: damu ya mtoto inavunjika ovyo, ile njano imepanda mpaka inagusa ubongo, na wanajaribu kuiwahi. Hakuahidi kitu. Domina alitamani amwahidi, hata kwa uongo.

Gregori alifika kwa miguu kutoka mahali alipoachwa na gari la mtu asiyemjua, suruali imelowa mpaka magotini. Alisimama mbele ya kioo, akasema, "Nilisema ni mtulivu," akashindwa kuendelea.

Daktari aliporudi, damu ilikuwa imeshabadilishwa na mtoto alikuwa anapumua vizuri. Alikuja kuwapa habari hiyo, akaanza vizuri, kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa ananusa. Akageuka kwenye kiti ambapo Mama Euphrasia alikuwa amepakata blanketi tangu walipofika kama vile mtoto bado yumo. Akaliinamia, akafumba macho.

"Sanduku la mama yangu kule Ibadan lilinukia hivi hivi," alisema kwa Kiingereza. "Mtoto alikuwa amefungwa hili? Tangu lini?"

"Tangu alipotoka hapa," alisema Domina.

Daktari alikaa. Alisema wamepata kitu katika damu ya Boniface: ina upungufu wa kuzaliwa nao, kwa kawaida haudhuru kitu, mtu anaweza kuzeeka nao asijue. Lakini mtoto mchanga mwenye damu hiyo hapaswi kukaribiana na naftalini. Inapita puani, inapita kwenye ngozi, damu inavunjika. Upungufu wenyewe hupitia kwa mama na kuwapiga zaidi watoto wa kiume. "Muulize mama yako," alisema, "kwenu kuna watoto wa kiume waliogeuka njano wakafa?"

"Anasemaje?" aliuliza Mama Euphrasia.

Domina alimtazama mama yake. Alimwona alivyokonda tangu asubuhi, khanga imemwelea mabegani.

"Anauliza kama kwetu kuna watoto wa kiume waliokufa."

"Mwambie wawili. Mwambie walikuwa wazuri wote. Kwa nini anauliza?"

"Ni damu yetu, Mama. Ina kasoro ya ukoo. Huwapata wavulana."

"Na blanketi ananusia nini?"

"Anasema ni la zamani," alisema Domina. "Anasema ni zuri."

Uongo huo ungeweza kusimama. Domina alikuwa tayari kuubeba mpaka kaburini, na Gregori, aliyeelewa lugha zote mbili, alikuwa ameshatazama pembeni kuonyesha kwamba hatasema. Lakini muuguzi aliingia na mfuko wa plastiki. Alivaa glovu, akatabasamu, akaonyesha kwa mikono kwamba analiomba blanketi. Akalitumbukiza mfukoni, akautoa hewa, akafunga fundo, akafunga la pili. Mama Euphrasia aliangalia glovu. Aliangalia fundo. Pale uwanja wa ndege pia aliona glovu, na zile zilitupa senene zikaacha blanketi.

"Domina," alisema. "Usinifiche mimi. Mimi ndiye niliyekuzaa."

Basi Domina akamwambia. Alimwambia yote kwa Kihaya, akipiga magoti mbele ya kiti, kichwa chini, na alipomaliza aliogopa kukiinua. Hakusikia kilio. Mama Euphrasia alikuwa ameibana mikono yake katikati ya magoti, mikono ile iliyokuwa ikiongeza vidonge sandukuni miaka yote.

"Nilipoona njano nilimkaza zaidi," alisema. "Na wale pia. Nilipoona njano niliwakaza zaidi."

* * *

Boniface alirudi nyumbani theluji ikiwa imebaki marundo meusi pembezoni mwa barabara. Alinyonya, aliongezeka, alilia kwa sauti ya mtoto, na jirani wa chini akagonga dari. Gregori alitamani kushuka akambusu. Lakini kabla ya kuruhusiwa walimwekea mtoto vifaa vya kupima usikivu masikioni, na mashine haikujibu. Waliambiwa warudi ijaribiwe tena. Inaweza kuwa maji ya uzazi yaliyobaki masikioni, inaweza kuwa ile njano. Hakuna aliyelitaja jambo hilo ndani ya nyumba.

Jioni moja Domina alitoka bafuni akamkuta mama yake amesimama nyuma ya kichwa cha mtoto. Mama Euphrasia alipiga kofi. Boniface alikuwa anatazama dari. Alipiga jingine, kwa nguvu, karibu kabisa. Mtoto alitazama dari.

"Mama, acha," alisema Domina.

Mama Euphrasia aliishusha mikono. "Yule kijana wa duka la njiapanda kule kwetu, bado ana simu?"

"Anayo. Kwa nini?"

"Nipigie. Mwambie aende mwisho wa shamba akamwite Veneranda."

Gregori alikwangua kadi ya simu, akabonyeza tarakimu ndefu zile. Kule kulikuwa kumeshakucha. Walingoja huku wakisikia jogoo, pikipiki, watu wakisalimiana, na kijana akiuliza mara mbili kama wana hakika wanamtaka bibi yule. Kisha zikasikika pumzi za mtu mzima aliyetembea haraka.

"Nani mwenzangu?"

Mama Euphrasia alipiga magoti kwenye zulia, simu mkononi, kana kwamba mwenzake yupo mbele yake.

"Ni mimi, wifi. Euphrasia."

Kisha sauti ile ikauliza, kabla ya jambo jingine lolote, "Domina kajifungua? Mtoto yu hai?"

"Yu hai. Wifi, hukuwa wewe. Lilikuwa blanketi. Zilikuwa dawa nilizokuwa naweka mwenyewe." Maneno yalimtoka vipande vipande, na machozi ambayo hayakutoka hospitali yakaja yote. "Wanangu nimewaua mimi, na wewe nimekutupa shambani. Hukuwa wewe."

Jogoo aliwika tena kule.

"Kwamba sikuwa mimi," alisema Veneranda, "nilikuwa najua, wifi. Miaka yote hiyo nilikuwa najua. Ninyi ndio mlikuwa hamjui." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. Kisha: "Ni wa kiume?"

"Wa kiume. Lakini hatujui kama anasikia."

"Niwekeeni simu sikioni mwake."

Mama Euphrasia alimtazama binti yake. Veneranda hakuruhusiwa kumgusa mtoto wa mtu tangu Domina alipokuwa mdogo. Domina aliichukua simu, akainama, akaibana taratibu kwenye sikio la mwanawe, na wote watatu wakamkazia macho usoni. Kutoka ndani ya simu ilisikika sauti ya Veneranda ikimwita mtoto kwa majina ya ukoo, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akiwaita wale wawili wakati wa kuwaogesha.

Uso wa Boniface haukubadilika. Veneranda hakuwa na namna ya kujua hilo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Kwa hiyo aliendelea kumwita.